Sikio la Kushoto la Opereta

Aliyetaka Opereta asikie jambo alikaa upande wake wa kulia. Aliyetaka asisikie alikaa kushoto, na huko ndiko kulikojaa watu siku zote.

Duka lake la simu lilikuwa mtaa wa Gongoni, Tabora, chumba kimoja chenye mlango wa bluu. Katikati kulikuwa na meza yake ya kazi, benchi moja huku na jingine huku. Alitengeneza simu, aliuza chaja na betri, alisajili laini. Jina la Opereta lilitoka enzi alipofanya kazi kituo cha simu, zile zama ambazo mtu wa Tabora akitaka kuongea na nduguye Kigoma ilibidi kwanza amwombe mtu wa katikati amuunganishie waya. Huyo wa katikati alikuwa yeye. Alipostaafu alitangaza kwamba hedifoni za kazini zilimla sikio la kushoto. Mji ukampa pole, ukaamini, kisha ukahamia benchi la kushoto na maneno yake yote ya ndani.

Sikio lile lilikuwa zima kabisa.

Nililigundua nikiwa kidato cha pili. Mama alinituma nichukue simu yake, nikaenda na rafiki yangu, tukakaa benchi la kushoto. Nikamnong'oneza mwenzangu kwamba leo Opereta amevaa wigi kinyumenyume. Opereta hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia simu ya watu, bisibisi mkononi. Lakini mkono wa pili ukapanda taratibu hadi kichwani, ukalishika wigi, ukaligeuza.

Rafiki yangu hakuona, alikuwa anacheka kwenye viganja. Mimi niliona. Tulipokuwa tunaondoka Opereta aliniita.

"Wewe umeona," akaniambia kwa sauti ya chini, "na mimi nimesikia. Tufungiane midomo."

"Sawa, mama."

"Na mama yako asijue kwamba unawasema watu wazima."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye siri ya kwanza ya maisha yangu, na niliitunza kwa miaka mingi, kwa hofu zaidi kuliko kwa uaminifu. Nilipokuwa mkubwa kidogo nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini alijipa ulemavu ambao Mungu hakumpa.

"Mtu hapeleki simu yake kwa fundi mwenye masikio mawili," alinijibu. "Wewe unafikiri mafundi wa hapa mjini ni wangapi? Kioo wote tunabadilisha. Betri wote tunauza. Mimi nauza sikio bovu."

Alikuwa na taratibu zake. Hakuandika jina la mteja popote. Simu ikija, aliipa kizibo cha soda chenye namba, na mwenye simu alipewa kizibo kingine chenye namba hiyo hiyo. Ukitaka kufungua simu kwa namba ya siri, yeye aligeukia ukutani, na kama una pupa ya kumaliza haraka alikukemea: "Sijamaliza kugeuka." Akijaribu kioo kipya, alifunika sehemu kubwa ya simu kwa kitambaa, akabakiza kona moja tu ya kubonyeza. Alipenda kusema, "Simu ni chumba cha kulala. Mimi ni fundi wa mlango."

Siku moja alikuja bwana mmoja mfanyabiashara wa Mtendeni na simu yenye kava ya maua ya waridi. Alitaka ifunguliwe.

"Imesahau namba ya siri," alisema.

"Imesahau yenyewe, au hukuambiwa?"

"Ni simu yangu, Opereta."

"Basi ni rahisi. Hii inafunguka kwa kidole. Weka."

Bwana akaweka kidole gumba. Simu ikakataa. Akaweka cha shahada. Ikakataa. Akaendelea hivyo mpaka mkono wa kulia ukaisha, akaanza wa kushoto, jasho likimtoka mbele ya mabenchi mawili yaliyojaa watu. Kilipokataa kidole cha kumi, Opereta akamtazama viatu.

"Na vya miguuni tujaribu?"

Watu waliangua kicheko, bwana akaondoka na simu yake ya maua. Siku mbili baadaye akaja mkewe na simu ile ile, kioo kimepasuka kona. Opereta akampa kizibo, akamtengenezea, akamuuliza habari za watoto. Mimi nilikuwa pale benchini, ulimi unaniwasha. Mama yule alipotoka nikashindwa kuvumilia.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie mke siri ya mume?" alisema. "Hiyo si ndiyo kazi aliyokuja kuiomba mume? Ningekuwa nimeigeuza upande tu, kama wigi."

Usidhani alikuwa mtakatifu. Kwa mambo yasiyo ya simu, Opereta alikuwa mdaku wa kiwango cha juu. Alifunua vikapu vya watu. Aliuliza khanga umenunua wapi na kwa nini umenunua mbaya. Alijua nyumba gani Gongoni leo wanakula mlenda na nyumba gani wanajifanya wamekula nyama. Na kila Jumapili kanisani kwao Moravian aliimba sauti ya pili bila kukosea noti hata moja, akiwa amesimama katikati ya waimbaji wawili wanaopotea, na katika miaka yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyejiuliza mwanamke wa sikio moja anaipataje sauti safi namna ile. Watu wakishaamini jambo, wanaliamini na Jumapili pia.

Nilimaliza chuo Dar es Salaam nikapata kazi ya afisa masoko katika kampuni moja changa iliyokuwa na programu ya simu. Ukiwa nayo uliweza kuongea na watu, kununua vitu madukani na kulipia huko huko. Kampuni kama hizo zilikuwa nyingi. Bosi wetu, kijana mwenye shati lisilokunjika hata akilikalia, alituita kikaoni na kutuambia kwamba bei kila mtu anaweza kushusha, kwa hiyo sisi tutauza kitu kingine. Tutauza faragha. Wateja wamechoka kuchunguliwa, alisema. Kampuni ya kwanza kuwaambia "sisi hatuchungulii" ndiyo itakayopendwa.

Nilimsikiliza nikitabasamu. Maneno yale niliyasikia miaka mingi nyuma Gongoni, kwa fundi aliyeshika bisibisi.

Mimi ndiye niliyetunga kaulimbiu: "Siri yako ni yako." Bosi aliipenda. Nikapewa kanda ya magharibi, nikarudi nyumbani na gari la kampuni na fulana za kugawa, na mtu wa kwanza niliyemfikiria kuwa balozi wetu Tabora alikuwa yeye.

Opereta aliupokea mkataba, akavaa miwani, akaanza kuusoma. Aliusoma kutwa nzima. Wateja walisubiri.

"Karatasi zote hizi," alisema hatimaye, "ni za kuniambia kwamba hamtasema kitu?"

"Ni vigezo na masharti tu, mama."

"Mimi nikitaka kunyamaza huwa nanyamaza. Sijawahi kuhitaji karatasi." Akarudi ukurasa fulani aliokuwa ameukunja pembe. "Hawa 'washirika wetu teule' ni akina nani?"

"Hiyo ni lugha ya wanasheria."

"Nimekuuliza ni akina nani."

Sikujua. Nilimwambia ni kawaida, kampuni zote zinaandika hivyo. Alinitazama juu ya miwani.

"Nasaini kwa sababu ni wewe," alisema.

Bango likasimama njia panda ya Gongoni, kubwa kuliko duka lake mara tano. Opereta juu yake, khanga mpya, kidole mdomoni, na maneno yangu chini ya kidevu chake. Watu walijiunga. Walijiunga wauza nguo, walimu, mafundi baiskeli, wenye maduka wa Kihindi wa barabara kuu ambao kwa kawaida hawaamini kitu kipya mpaka kizeeke. Walisema, kama Opereta yumo, na sisi tumo.

Miongoni mwao alikuwepo Mama Asali. Huyu alitoka Sikonge kila wiki na madumu ya asali ya porini, akagawa kwa wateja wake mjini, nyumba kwa nyumba na duka kwa duka. Ndiyo kazi iliyosomesha wanawe. Na alikuwa na siri moja ambayo aliificha hata kwa dada yake: alikuwa na ugonjwa wa sukari. Hakuona aibu ya ugonjwa. Aliogopa biashara. Nani atanunua asali kwa mtu ambaye daktari amemkataza asali? Kwa hiyo akaanza kununua vidonge vyake kupitia programu yetu, ili asionekane dirishani kwa muuza dawa.

Asubuhi moja, kila mtu ambaye namba yake ilikuwa kwenye simu ya Mama Asali alipata ujumbe. Naujua neno kwa neno. Ulitaja jina lake, kisha: "Rafiki yako ananunua dawa za sukari kupitia sisi. Jiunge nawe upate punguzo!"

Kufika saa sita simu yake ilikuwa ya moto kwa kupigiwa. Wengine walimpa pole. Wengine walimuuliza kama amejaribu mizizi fulani. Bibi mmoja mwenye duka, mteja wake wa miaka mingi na mtu mwema kweli, aliuliza kwa upole kama sukari inaambukiza kupitia asali. Duka moja la Mtendeni likamrudishia chupa zote likisema litamtafuta.

Alikuja dukani kwa Opereta na vumbi la njiani miguuni. Hakukaa benchi lolote. Aliweka simu mezani.

"Wewe ndiye uliyeniambia siri yangu ni yangu," alisema. "Uko pale njia panda, kidole mdomoni. Mimi sikuiamini kampuni. Kampuni siijui. Nilikuamini wewe."

Mama Asali akachukua simu yake akatoka, na Opereta akafunga mlango wa bluu jua likiwa bado utosini.

Kesho yake mji uliamka ukakuta bango limebadilika. Opereta alikuwa pale pale, khanga ile ile, kidole kile kile mdomoni, ila sikio lake la kushoto lilikuwa limechorwa upya kwa rangi ya mafuta, kubwa kama ungo, limetoka nje ya fremu. Watu walisimamisha baiskeli kulitazama, wakidhani ni kejeli kwa kampuni inayosikia yote. Wanafunzi walipita wakiwa wameshika masikio yao. Kila mtu alimjua mchoraji, kwa kuwa Tabora ina mchora mabango mmoja tu anayeweza kuchora sikio likafanana na sikio, na kila mtu alipoulizwa alisema hamjui.

Bosi akapanda ndege akaja mwenyewe. Nikampeleka dukani. Alimpa Opereta shikamoo nzuri, akaitikiwa marahaba, kisha akaeleza alichotaka. Opereta aende kwenye redio ya hapa mjini kesho asubuhi, aseme kwamba ujumbe ule ulikuwa hitilafu ya mitambo, kwamba bango limechorwa na wahuni, na kwamba yeye bado ana imani na kampuni.

"Hitilafu," Opereta alirudia.

"Hitilafu ndogo, mama. Imesharekebishwa."

Simu ya Bosi ikalia. Akatazama huku na huku atafute pa kuongelea. Mimi nilikuwa nimeshamwambia, miezi mingi nyuma, habari ambayo mji wote uliijua: kwamba balozi wetu hasikii upande wa kushoto. Bosi akahamia benchi la kushoto, akampa Opereta kisogo, akapokea.

"Hapana, usiuzime huo ujumbe," alisema kwa sauti ya mtu aliye peke yake. "Uzime Tabora tu kwa wiki moja. Umeona idadi ya waliojiunga? Hatujawahi kupata kitu kama hiki. Tutasema ni hitilafu, bibi atasoma karatasi, wiki ijayo wamesahau."

Opereta alikuwa anasafisha betri kwa brashi. Brashi haikusita. Alinitazama mara moja tu, na nikajua ananiuliza nini. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kumwambia Bosi twende nje. Yule alikuwa mwajiri wangu, na aliyekuwa analipia kodi ya chumba changu alikuwa yeye.

Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Kesho yake asubuhi redio ilikuwa imewashwa kila duka. Mtangazaji alimkaribisha, akasalimia na kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mama," naye akaitikia vizuri. Karatasi ya Bosi ilikuwa mbele yake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo na Bosi pembeni yangu.

"Nimepewa karatasi nisome," Opereta alisema, "lakini herufi ni ndogo. Ngoja niseme nilichosikia." Na akasema. Akasema neno kwa neno, kwa utulivu, hadi na ile "bibi atasoma karatasi", akiiga sauti ya Bosi vizuri kiasi kwamba fundi mitambo alicheka akiwa kazini.

"Samahani, mama," mtangazaji aliuliza, "haya ulimsikia wapi?"

"Dukani kwangu. Alikuwa anaongea na simu."

"Alikuambia?"

"Hapana. Alikaa kushoto."

Mtangazaji akasogeza kiti karibu na kipaza sauti.

"Mama... kushoto si ndiko husikii?"

"Nasikia," alisema Opereta. "Nimekuwa nasikia siku zote. Nilidanganya. Naomba radhi kwa huo uongo. Lakini Mama Asali wa Sikonge aliniamini akaumia, na siwezi kusema kweli ya mtu mwingine huku nimeficha ya kwangu."

Ningetaka uione Tabora saa ile. Watu walisimama milangoni wakihesabu kwa vidole yale waliyoyasema benchi la kushoto. Mzee mmoja wa kanisa alikaa chini barabarani. Yule bwana wa vidole kumi, nasikia, alisafiri ghafla kwenda kumwona shangazi. Kwa wiki nzima duka la mlango wa bluu halikuingiza mtu, na Opereta alikaa ndani peke yake akipanga vizibo. Nilimpelekea chakula. Alikula bila kuchungulia kwanza nimeleta nini, nikajua ameumia.

"Nimeuza sikio langu, mwanangu," alisema. "Sina kingine cha kuuza."

Aliyerudi wa kwanza alikuwa yule mke wa mfanyabiashara, na simu yake ya maua. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Opereta. Mwaka ule nilikaa hapa kushoto nikamwambia dada yangu jambo."

"Ndiyo."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

Mama yule alifikiri. Kisha akaingia, akaketi, upande wa kulia, akatoa simu. "Haipokei chaji," alisema. Baada yake wakaja wengine, kila mmoja amefika kwenye hesabu ile ile kwa njia yake: alisikia yote, miaka yote, na hakuna kilichotoka. Mafundi wengine wa mji hawakuwa na jibu la hilo.

Kampuni iliuzima ule ujumbe nchi nzima, bango likashushwa, na mimi nikaandikiwa barua ya kuachishwa kazi. Nilibaki Tabora. Siku hizi natengeneza matangazo ya maduka na vibao vya milangoni.

Miaka ikapita kabla sijapata ujasiri wa kwenda kwake na lile lililobaki. Nilimkuta mchana, duka tupu. Nikakaa kulia.

"Mama, ule ujumbe wa vidonge. Si mitambo iliyouandika. Niliuandika mimi. Bosi alitaka maneno ya kirafiki, yenye jina la mtu na kitu alichonunua. Nikayatunga. Sikujua ataumizwa nani, lakini nilijua yatamfikia mtu."

Opereta aliweka bisibisi chini.

"Unataka nikusamehe, au nikutunzie?"

Nikaokota kizibo mezani, nikakigeuza.

"Kusamehe siwezi, hukunikosea mimi. Kutunza sitaki. Hiyo ina mwenyewe." Akainuka, akachukua khanga yake. "Twende Sikonge."

"Leo?"

"Unataka ukaandike kwanza karatasi?"

Tulipanda gari la abiria, tukashuka, tukaunga kwa pikipiki njia ya vumbi hadi kwa Mama Asali. Tulimkuta anachuja asali chini ya kibanda, mikono inang'aa hadi kiwikoni. Wateja wa mjini walikuwa wamerudi nusu, nusu hawakurudi. Alitukaribisha, akatupa viti. Nikavuta pumzi nianze.

Opereta akasimama.

"Mimi natoka," alisema. Na akatoka kweli. Akavuka uwanja, akapita mizinga iliyoegemezwa ukutani, akapita baiskeli, akaenda mbali kuliko sikio lolote linavyofika, akasimama huko ametupa kisogo.

Nikamwambia Mama Asali yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuchuja mpaka dumu likajaa, nami nikashika kitambaa cha chujio kwa sababu hakuna mwingine wa kukishika.

"Unaandika matangazo bado?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi utaniandikia kibao, nikiweke pale sokoni mjini." Akafikiri, akapangusa mikono. "Andika: Asali ya Sikonge. Muuzaji ana sukari, haionji hata kidogo. Ujazo kamili."

Nilidhani anatania. Nikamtazama, alikuwa anasubiri nitoe kalamu. Nikaitoa.

"Herufi kubwa," alisema. "Safari hii nimekutuma mimi."